House ya Chicago, Techno ya Detroit au Jungle ya London: Uanzie Wapi?

Mtu anayetaka kuufahamu muziki wa kielektroniki wa kucheza kwa kawaida huelekezwa kwa madijei wanaojaza viwanja hivi leo, wale wanaosimama juu ya majukwaa marefu huku fataki zikiruka nyuma yao. Nimeona watu kadhaa ninaowapenda wakianzia hapo, na karibu wote waliishia kusema kwamba muziki huo ni "dum dum dum" isiyokwisha, wakarudi zao kwenye taarabu na rumba. Sikuwalaumu, kwa sababu walionyeshwa matawi bila kuonyeshwa shina. Ninapendekeza mtu aanzie kwenye mmoja wa miji mitatu ambako mambo haya yalizaliwa: Chicago, iliyoleta house, Detroit, iliyoleta techno, na London, iliyoleta jungle. Makala hii inazilinganisha hizo tatu ili msomaji achague mlango unaomfaa.

Nimeandika "muziki wa kielektroniki wa kucheza" kwa makusudi, ingawa ni jina refu. Kwetu "muziki wa dansi" una wenyewe: ni magitaa, tarumbeta na waimbaji wa bendi, na sioni sababu ya kuwanyang'anya jina walilolijenga kwa miaka mingi.

Kigezo nitakachotumia si umaarufu wala idadi ya mashabiki, bali ni kile ambacho sikio lako hukitafuta mara tu ngoma inapoanza. Wako watu ambao wimbo hauwaingii mpaka wamsikie mwimbaji. Wako wanaotaka muziki uwaache peke yao na mawazo yao, uwe kama barabara ndefu isiyo na abiria wengine. Na wako wale ambao maneno na vinanda kwao ni mapambo tu. Wanachokisubiri ni ngoma na besi, vikishaingia mwili unajibu wenyewe. Ukishajijua uko kundi gani, uchaguzi unakuwa mwepesi zaidi.

Chicago baada ya mlipuko

Usiku wa tarehe 12 Julai 1979, timu ya besiboli ya Chicago White Sox iliwakaribisha Detroit Tigers kwa mechi mbili mfululizo katika uwanja wa Comiskey Park. Mtangazaji wa redio Steve Dahl, aliyekuwa akiichukia disko waziwazi, aliwatangazia wasikilizaji kwamba atakayekuja na santuri ya disko ataingia kwa senti 98 tu, na kwamba santuri hizo zingelipuliwa katikati ya uwanja baada ya mechi ya kwanza. Zililipuliwa kweli. Umati ukavamia uwanja, nyasi zikaungua, mechi ya pili ikashindikana, na ushindi wakapewa Detroit. Kijana Mweusi aitwaye Vince Lawrence, aliyekuwa na kazi ya kuwaonyesha watu viti vyao uwanjani humo, ameeleza mara nyingi kwamba kati ya santuri zilizoletwa zilikuwamo za wanamuziki Weusi ambazo hazikuwa na uhusiano wowote na disko. Miaka mitano baadaye, mwaka 1984, jina la Lawrence huyohuyo liliandikwa miongoni mwa watunzi wa "On and On" ya Jesse Saunders, ambayo wengi wanaihesabu kuwa santuri ya kwanza ya house.

Ninaieleza habari hii kwa urefu kwa sababu bila hiyo huwezi kuielewa house. Disko haikufa usiku ule. Ilichopoteza ni fedha za kampuni kubwa. Orkestra zilizokodiwa, wapiga fidla na kwaya za studio havikuweza kulipwa tena, lakini watu waliotaka kucheza walikuwa wangalipo, na katika mtaa wa South Jefferson, nyumba namba 206, walikuwa wakikusanyika kila mwisho wa juma. Ukumbi huo uliitwa Warehouse. Ulifunguliwa mwaka 1977 na Robert Williams, naye alimleta kutoka New York dijei kijana, Frankie Knuckles. Wachezaji wake walikuwa zaidi Weusi na Walatino, wengi wao wanaume wapenda jinsia moja ambao kumbi nyingine ziliwafungia milango, na kilichouzwa humo kilikuwa juisi, si pombe. Knuckles alizichukua nyimbo za disko na soul, akazikata kwenye kanda na kuziunga upya ili zile sehemu tamu zirefuke, kisha akaziongezea mashine ya ngoma chini yake. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba watu walianza kuuliza madukani nyimbo "za kule Warehouse", na jina likafupishwa hadi likabaki house.

Kwa hiyo house ni disko iliyonyang'anywa bajeti na kubakiza moyo. Ndani yake utaikuta sauti ya kanisa la Weusi wa Marekani: mwimbaji anayepandisha sauti mpaka inapasuka, kinanda kinachojibu kama kwaya, maneno machache yanayorudiwa mpaka yanakuwa dua. Sikiliza "Move Your Body" ya Marshall Jefferson ya mwaka 1986, aliyoitunga alipokuwa mfanyakazi wa posta, na utakisikia kinanda kikiingia kwa furaha ambayo haihitaji tafsiri. Kisha sikiliza "Can You Feel It" ya Larry Heard, ya mwaka huohuo, ili uone kwamba jumba hili lina vyumba vya utulivu pia. Humo besi inatembea polepole kama mtu mzima anayejua anakokwenda, na juu yake sintesaiza, yaani kinanda cha kielektroniki, inatandaza sauti laini isiyoharakisha chochote. Liko toleo lake lenye mahubiri ya Chuck Roberts juu ya muziki, yaliyotungwa kwa lafudhi na mwendo wa mhubiri anayefungua kitabu cha Mwanzo. Mtu aliyekulia jirani na kanisa la kilokole lenye spika mbili mlangoni ataitambua sauti hiyo mara moja.

Udhaifu wa house ya mwanzo upo, na ni haki ausikie anayechagua. Santuri nyingi za kampuni ya Trax zilichapwa kwenye plastiki iliyokwisha kutumika na kuyeyushwa upya, hivyo zilikwaruza tangu zikiwa mpya. Usiihukumu nyimbo kwa nakala mbovu, tafuta zilizosafishwa. Pia wasanii wengi hawakufaidi jasho lao. Larry Heard na mwimbaji Robert Owens walirudishiwa haki za nyimbo zao mwaka 2022 tu, baada ya kwenda mahakamani.

Detroit, kilomita 450 upande wa mashariki

Wakati Chicago ilikuwa na ukumbi, Detroit ilikuwa na redio. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyoamua mengi. Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson walikutana wakiwa wanafunzi huko Belleville, mji mdogo wa pembezoni ambako Weusi walikuwa wachache, na usiku walimsikiliza mtangazaji aliyejiita Electrifying Mojo, ambaye katika kipindi kimoja angeweza kuwapigia Parliament, Prince na wale Wajerumani wa Kraftwerk bila kuomba radhi kwa yeyote. Hawakuwa wakicheza, walikuwa wakisikiliza, kila mmoja akimweleza mwenzake kile alichodhani mtunzi alikuwa akikifikiri. Derrick May baadaye aliueleza muziki wao kuwa ni kama George Clinton, kiongozi wa Parliament, na Kraftwerk wamekwama ndani ya lifti moja, na sijasikia maelezo mafupi yaliyo sahihi zaidi.

Mji wenyewe ulikuwa ukipungua mbele ya macho yao. Mwaka 1950 Detroit ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.8, ilipofika 1980 walikuwa wamebaki takribani milioni 1.2. Kampuni ya Motown, iliyokuwa imeufanya mji huo uimbwe dunia nzima, ilihamia Los Angeles mwaka 1972. Viwanda vya magari vilikuwa vikifunga milango au kuleta roboti. Atkins alipoungana na Rik Davis, mwanajeshi wa zamani wa vita vya Vietnam, wakaunda kundi la Cybotron na kutoa "Alleys of Your Mind" mwaka 1981 na "Clear" mwaka 1983, hawakuimba juu ya mapenzi ya ukumbini. Waliimba juu ya mji, akili na mashine. "Clear" huenda umeisikia bila kujua, kwa kuwa Missy Elliott aliitumia katika "Lose Control" mwaka 2005. Mwaka 1985 Atkins alianzisha kampuni yake ya Metroplex na kutoa "No UFOs" kwa jina la Model 500, na hapo techno ilikuwa imesimama kwa miguu yake.

Miji hii miwili haikuwa ikifanya kazi kwa siri. Mama yake May alihamia Chicago, kijana akawa anakwenda kumtembelea na kurudi na habari za Knuckles na za Ron Hardy wa ukumbi wa Music Box. Inasimuliwa kwamba May ndiye aliyemuuzia Knuckles mashine ya ngoma ya TR-909 alipokuwa hana fedha, kwa hiyo sehemu ya mdundo wa Chicago ilisafiri kwa barabara kutoka Detroit. Hata jina lenyewe la techno lilithibitika kwa kuchelewa. Mwaka 1988, Mwingereza Neil Rushton alipokusanya nyimbo za Detroit kwa ajili ya soko la Uingereza, mkusanyiko ulikuwa uuzwe kama tawi la house. Atkins alipoleta wimbo wake "Techno Music", jina likabadilishwa.

Ukiziweka pembeni kwa pembeni, tofauti inasikika ndani ya dakika mbili. Chukua "Can You Feel It" niliyoitaja na "Strings of Life" ya May, ya mwaka 1987. Zote mbili hazina mwimbaji, zote mbili zimetengenezwa kwa vifaa vya nyumbani, lakini ya kwanza inakukalisha na ya pili inakuinua. Katika "Strings of Life" kinanda, kilichochukuliwa kutoka wimbo wa taratibu wa Michael James, kinakatwakatwa na kurushwa juu ya nyuzi kali za sintesaiza, na jambo la ajabu ni kwamba hakuna besi kabisa. Sikio linaitafuta, haliipati, na kutafuta huko kunakufanya uegemee mbele mpaka mwisho. House ingekupa besi kwanza, mengine yakafuata.

Mara ya kwanza kuielewa techno nilikuwa ndani ya basi likitoka Iringa, tumeipita Mikumi na giza limeshaingia, taa za malori zikija moja moja kutoka mbali, zikakua, kisha zikapotea ubavuni. Nilikuwa na spika ndogo za masikioni na "No UFOs" ikirudia. Nyumbani ilikuwa imenichosha. Barabarani, kurudia kwake kulikuwa ni kule kule kwa nguzo za umeme, na kila badiliko dogo, kama tasa linaloongezwa au mwangwi unaoondolewa, lilikuwa tukio. Tangu hapo simwambii mtu aisikilize techno sebuleni mchana huku watu wakizungumza.

Baada ya watatu wale, Detroit ilizidi kuwa kali. Mwaka 1989 Mike Banks na Jeff Mills waliunda Underground Resistance, kundi lililoficha nyuso na kukataa kuuza sura, wakitaka santuri zijisemee zenyewe. Kisha techno ikapata nyumba ya pili mahali ambapo hakuna aliyepatazamia. Ukuta wa Berlin ulianguka Novemba 1989, majengo mengi ya upande wa mashariki yakabaki bila mwenyewe wa kueleweka, na mwezi Machi 1991 Dimitri Hegemann na wenzake wakafungua klabu ya Tresor katika chumba cha chini cha kuhifadhia fedha cha lililokuwa duka kuu la Wertheim, vyuma vya masanduku ya amana vikiwa bado ukutani vimeliwa na kutu. Santuri ya kwanza ya kampuni ya Tresor ilitoka kwa vijana wa Underground Resistance. Mwaka 2024 techno ya Berlin iliingizwa katika orodha ya Ujerumani ya urithi wa utamaduni usioshikika. Nafurahi kwa hilo, lakini anayechagua techno kwa sababu ya Berlin asiiruke Detroit, maana atakuwa amejifunza lugha kwa mgeni aliyejifunza vizuri huku mwenye lugha yuko hai.

Mashine zilizotupwa

Vifaa vya Chicago na Detroit vilikuwa karibu vilevile, na hili linasaidia kuona kuwa tofauti haikutoka dukani. Kampuni ya Roland ya Japani ilitoa mashine ya ngoma ya TR-808 mwaka 1980 na TR-909 mwaka 1983. Wanamuziki wa studio walizilalamikia kwamba hazifanani na ngoma za kweli. Uzalishaji ukasimama, bei ikaporomoka, na vijana wakazipata kwa fedha walizokuwa nazo. Mashine yao ya besi, TB-303, ilikuwa na historia ya kusikitisha zaidi, kwa sababu ilikusudiwa kumpigia besi mpiga gitaa anayefanya mazoezi peke yake, na kazi hiyo iliifanya vibaya. Huko Chicago DJ Pierre na wenzake wa kundi la Phuture hawakujaribu kuifanya iige besi. Waliiacha irudie noti zilezile huku wakivizungusha vitufe vyake inapolia, sauti ikawa inabanwa na kuachiwa, inabanwa na kuachiwa, kama mtu anayesema akiwa na maji kinywani. Walimpelekea Ron Hardy kanda yake. Inasimuliwa kwamba alipoipiga mara ya kwanza wachezaji waliondoka uwanjani, akairudia tena na tena usiku uleule, na mara ya nne wakapagawa. Ilitolewa mwaka 1987 kwa jina la "Acid Tracks", ikiwa na zaidi ya dakika 11, na hiyo ndiyo sauti iliyovuka bahari kwenda Uingereza.

London na sekunde saba za ngoma

Jungle inahitaji maelezo ya namna nyingine, kwa kuwa haikuanza na mashine ya ngoma bali na mpiga ngoma. Mwaka 1969 kundi la The Winstons lilirekodi "Amen, Brother" kwa ajili ya upande wa pili wa santuri, na katikati yake mpiga ngoma Gregory Coleman aliachwa peke yake kwa vipimo vinne, sekunde zipatazo 7. Miaka 20 baadaye, vijana wa Uingereza waliokuwa na sampla za Akai, mashine za kunakili na kukata sauti, walizichukua sekunde hizo, wakaziharakisha, wakazikata pigo kwa pigo na kuzipanga upya kwa namna ambayo mikono miwili ya binadamu isingeweza kuzipiga. Coleman alifariki mwaka 2006 bila makazi na bila kulipwa kwa matumizi hayo. Mwaka 2015 mashabiki walimchangia kiongozi wa kundi, Richard Spencer, pauni 24,000, na hata nikizihesabu hizo naona deni bado ni kubwa.

Ngoma hizo za kukatwa zilikutana na besi kutoka kwa watoto wa wahamiaji wa Jamaika. Wazazi wao walikuja na desturi ya mitambo ya muziki ya mtaani, yenye spika ndefu kuliko mtu na msemaji anayepokea kipaza sauti kuuchangamsha umati, na desturi hiyo ikaingia kwenye jungle mzimamzima. Ngoma hukimbia kwa mapigo 160 hadi 170 kwa dakika. Besi hutembea kwa nusu ya mwendo huo. Hapo ndipo ilipo siri yake kwa mchezaji, na hapo ndipo wageni wengi hukosea, kwa kujaribu kuifukuza ngoma mpaka pumzi ikawakatika. House, kwa kulinganisha, huenda kwa mapigo 120 hadi 128, na techno hupita hapo kidogo, na zote mbili hupiga ngoma nzito moja katika kila hatua, kwa hiyo hakuna anayepotea njia.

Muziki huu ulisambazwa na redio za magendo zilizorusha matangazo kutoka juu ya maghorofa ya mitaa ya wafanyakazi, Kool FM ikiwa mojawapo, na katika klabu kama Heaven ambako Fabio na Grooverider walipiga usiku wa Rage. Ni huko ambako madijei wawili wanawake, Kemistry na Storm, walimpeleka rafiki yao Goldie, ambaye baada ya miaka michache alitoa albamu ya "Timeless", mwaka 1995. Mwaka 1997 Roni Size na kundi lake la Reprazent kutoka Bristol walipata tuzo ya Mercury kwa "New Forms", na vyombo vya habari vilivyokuwa vimeidharau jungle vikaanza kuiita sanaa. Wakati huo wengi walikwisha kuiita drum and bass. Mimi nabaki na jina la zamani kwa ajili ya miaka ya 1991 hadi 1996, kwa sababu ndiyo miaka ambayo Jamaika inasikika wazi ndani yake.

Mkesha mbele ya sheria

Mikesha ambayo Waingereza waliiita rave inastahili kutajwa hapa kwa sababu inabadilisha namna ya kuuchagua muziki wenyewe. Madijei kadhaa wa London, Danny Rampling na Paul Oakenfold wakiwamo, walirudi kutoka Ibiza, kisiwa cha Hispania, mwaka 1987 wakiwa wamemsikia DJ Alfredo akichanganya kila kitu alfajiri kwenye ukumbi wa Amnesia, na ndani ya miezi kumi na minane hivi vijana walikuwa wakicheza katika maghala, mashamba na viwanja vya ndege vilivyoachwa kando ya M25, barabara kuu inayoizunguka London. Santuri zilizowachezesha mwanzoni zilikuwa za Chicago na Detroit, watu hawakuzitenganisha. Vidonge vya ecstasy vilikuwa sehemu ya mikesha hiyo na viliwagharimu baadhi maisha yao, jambo ambalo wapenzi wa muziki huu hawana haki ya kulifunika. Lakini klabu ya Music Institute ya Detroit, kama Warehouse kabla yake, haikuuza hata pombe, na watu walicheza mpaka asubuhi.

Mwezi Mei 1992 watu kati ya 20,000 na 40,000 walikusanyika kwa wiki nzima katika uwanda wa Castlemorton, bila tiketi na bila kibali. Serikali ilijibu kwa sheria ya mwaka 1994 iliyowapa polisi uwezo wa kuvunja mikusanyiko ya usiku ya watu 100 au zaidi katika maeneo ya wazi, na sheria hiyo ikautaja muziki wenyewe kuwa ni sauti zenye mfululizo wa mapigo yanayojirudia. Sijui sheria nyingine iliyojaribu kuueleza mdundo kwa lugha ya bunge. Kundi la Autechre lilijibu kwa kutoa, mwaka huohuo, wimbo uitwao "Flutter" ambao vipimo vyake havikupangwa kufanana hata viwili, ili uweze kupigwa pasipo kuvunja sheria. Baada ya hapo mikesha mingi iliingia ndani ya klabu zenye leseni, na house, techno na jungle, zilizokuwa zikipigwa usiku mmoja kwenye uwanja mmoja, zikagawana kumbi. Mtu anayeanza leo anazikuta tayari zimetenganishwa, na ndiyo maana analazimika kuchagua.

Kwa sikio la kwetu

Msomaji wa Kiswahili haingii mikono mitupu. Ikiwa umecheza amapiano harusini, umekwisha kukutana na wajukuu wa Chicago: vijana wa Afrika Kusini walipunguza mwendo wa house mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakapata kwaito, na katika ukoo huohuo amapiano ikazaliwa, ikitembea kwa mapigo 110 hadi 115 hivi. Mtu huyo ataingia house bila kubisha hodi. Aanze na Larry Heard, kisha Marshall Jefferson, na "Acid Tracks" aiache mpaka wiki ya pili.

Aliyekulia na singeli yuko mahali pengine kabisa. Singeli ya Dar es Salaam hupita mapigo 200 kwa dakika, na mikesha ya uswahilini yenye spika zilizorundikwa na msanii anayemwaga maneno bila kuvuta pumzi inafanana na jungle kuliko inavyofanana na house. Tangu kazi za studio ya Sisso ya Mburahati zilipotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Uganda mwaka 2017 katika "Sounds of Sisso", wapenzi wa jungle wa Ulaya wamekuwa wakishangazwa na mwendo huo. Msikilizaji wa namna hii akipelekwa kwenye house atasinzia, na kosa halitakuwa lake.

Techno haina jamaa wa karibu sana huku kwetu, na sioni sababu ya kumlazimishia ukoo. Inamfaa anayefanya kazi usiku, anayesafiri sana, dereva, mwanafunzi wa uhandisi, mtu anayeweza kukaa na mashine ya kusaga akasikia kwamba ina wimbo. Asiyekuwa na subira itamkataa.

Vifaa navyo vina neno katika uamuzi. House inavumilia spika yoyote yenye heshima, hata ya redio ya jikoni, kwa sababu sauti ya mwimbaji na kinanda vinabaki hata besi ikipungua. Techno hupenda spika za masikioni na giza. Jungle ukiisikiliza kwa simu pekee utasikia ngoma zikimwagika kama njugu kwenye bati, na besi, ambayo ndiyo nusu ya muziki, hutaisikia kabisa; kama huna spika kubwa wala rafiki mwenye nayo, iahirishe.

Mimi mwenyewe nimebaki Detroit, na nadhani nitabaki huko. Hata hivyo, kwa mtu nisiyemjua, asiyeniambia lolote juu ya sikio lake, ningemwanzisha na Chicago, kwa sababu house ndiyo pekee kati ya hizi tatu inayomkaribisha mtu kabla ya kumtaka ajifunze kitu. Akiipenda sauti ya mwimbaji, abaki. Akijikuta anazipenda zaidi zile dakika ambazo mwimbaji amenyamaza, amsikilize Derrick May. Na kama wewe ni wa singeli, usipite Chicago wala Detroit: tafuta "Inner City Life" ya Goldie, yenye sauti ya Diane Charlemagne, iweke kwenye spika kubwa kuliko zote unazoweza kuazima, uziache ngoma zikimbie zinavyotaka, na miguu yako uikabidhi kwa besi.